Kanisa Lililojaa Siku Moja

Kila Jumapili Mwinjilisti alipiga chuma chake, akaingia kanisani, akasali, akahubiri, akatoa baraka, akatoka na kufunga mlango. Ndani hamkuwa na mtu. Nayasema haya kwa kuwa jiko langu lilitazamana na dirisha la kanisa lile, na dirisha lenyewe lilikuwa tundu tu lisilo na ubao. Nikichambua mlenda wangu nilimwona amesimama mbele ya magogo ya kukalia, anayaambia magogo yasimame, anayaambia magogo yaketi. Mwanzoni nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga. Baadaye nikaacha, wala si kwa wema wangu. Kichekesho kikirudiwa kila juma huishiwa chumvi.

Tulimwita Mwinjilisti, na jina lake la ubatizo ni wachache waliolijua. Alikuja kwetu Handeni kutoka milimani, Kwashemshi, miaka ile Uhuru ungali mpya, ametumwa na kanisa lake aje kutuhubiria. Sisi tulikuwa Waislamu tangu kwa babu za babu zetu, na wazee walimwambia hivyo siku ile ile ya kwanza, kwa adabu, asije akapoteza muda wake. Akajibu, "Nimesikia, wazee wangu. Naomba mahali pa kulala." Akapewa. Kwetu mgeni hupewa mahali kwanza, maneno hufuata.

Kwashemshi alikuwa ameacha mke na watoto. Huko alikuwa na nyumba ya bati, migomba, na maji yanayopita yenyewe karibu na mlango. Huku kwetu alikuwa na kanisa tupu. Kati ya hivyo viwili aliishi miaka yote niliyomjua, na yeyote aliyemtazama vizuri jioni aliona upande gani moyo wake ulikuwa unamvuta. Alitoa kiti chake cha ngozi nje, akakigeuza kaskazini, akaketi akitazama. Siku ambazo vumbi limetulia, milima ya Usambara huonekana kutoka kwetu, ya buluu, mbali. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia na milima ikapotea, ndipo alipokumbuka kuwa hajapika.

Mkewe alikuja mara moja tu, kiangazi kimoja kibaya. Nilikwenda naye lamboni kuchota maji. Akawatazama ng'ombe wa Wamasai waliosimama ndani ya maji yale yale tunayochota, akaniuliza pole pole, "Haya ndiyo ya kunywa?" Nikamwambia, "Ukiyaacha yatulie, matope yanashuka." Akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kulala msibani. Haikupita muda mtoto wake wa mgongoni akashikwa na homa, na mama wa watu akapanda lori la pamba kurudi Korogwe. Kabla hajapanda alinishika mkono. "Mama Zuhura, nakuomba, mwangalie asile viporo." Nikaahidi, na ahadi ile niliitimiza kadiri nilivyoweza, ingawa Mwinjilisti alikuwa mbishi wa viporo kuliko watoto wangu wote.

Alikuwa na mambo yake ya kuudhi, nisije nikamfanya malaika. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, mbaya kweli, na aliipenda. Alihubiri subira, lakini chai hakuweza kuisubiri ipoe. Kila siku aliunguza ulimi na kila siku alishangaa. Mbuzi walimpandisha hasira. Mbuzi akiingia kwenye kibustani chake, yule mtu wa amani alirusha mawe na maneno ya Kishambaa ambayo sidhani kama yamo kwenye Biblia. Baadaye alikwenda kwa mwenye mbuzi kuomba radhi, na mbuzi akarudi kula tena.

Jambo lililomfungulia milango yetu lilikuwa kuku. Sisi hatuli nyama ambayo hakuichinja Mwislamu, na yeye alilijua hilo. Basi tangu mwanzo hakuchinja kitu chochote kwa mkono wake, hata kuku wa kula peke yake. Alikuja kwangu na kuku kwapani, akapiga hodi, akamwita mume wangu. "Baba Zuhura, nisaidie." Mume wangu alichukua kisu, akaelekeza kibla, akachinja. Siku moja nikamwuliza, "Mwinjilisti, huyu unamla mwenyewe, sisi hatumo. Kwa nini usimchinje tu?" Akanitazama kama ninayeuliza jambo la wazi. "Na mtu akinipitia wakati nakula? Nimwambie nini? Nimwambie chakula changu si chake?"

Basi Krismasi yake ilikuwa sikukuu yetu. Alinunua mbuzi, mume wangu akachinja, mimi na wenzangu tukapika pilau, na kijiji kizima kikaja kula. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amehubiri kuzaliwa kwa Bwana wake mbele ya magogo. Watu walikuja kwenye sahani, kwenye sala hawakuja. Hakuwahi kulaumu. Mwezi wa Ramadhani naye alikula ndani, mlango umefungwa, kama mwizi wa chakula chake mwenyewe, na magharibi ikiingia alikuja kwetu kufuturu na sisi kama vile naye ameshinda na njaa. Nilipomtania alisema, "Nimekula, Mama Zuhura. Lakini sijakula na mtu."

Mwalimu wa madrasa, ambaye walipendana na kubishana, alimwuliza waziwazi barazani kwetu, akimwita mgosi, yaani bwana, kwa lugha ya milimani: "Mgosi, umepata wangapi tangu uje?"

"Sijapata."

"Sasa unangoja nini?"

"Nimetumwa," akasema Mwinjilisti. "Sikutumwa kushinda." Maneno hayo aliyarudia mara nyingi, nasi tukayafanya ya kwetu. Mtu akirudi kutoka kuwinda bila mnyama, alisema alitumwa, hakutumwa kushinda, na watu wakacheka, na Mwinjilisti akacheka kwa sauti kuliko wote.

Kuhusu kile chuma. Kilikuwa kipande cha reli alichokipata Korogwe, akakibeba juu ya lori kama mtu anavyobeba mgonjwa. Alikitundika kwa waya kwenye mti wa mkwaju, akawa anakipiga kwa nyundo. Mwanzoni wazee walinung'unika. Lakini ilipokuja operesheni ya vijiji, tukahamishwa kutoka mashambani mwetu na kupangwa kwenye mistari kando ya barabara, kile chuma kikapata kazi. Ijumaa tuliijua kwa hotuba ya msikitini. Siku zingine zilituchanganya. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba chuma cha Mwinjilisti kikilia, kila mtu ajue kesho yake ni siku ya shamba la kijiji. Hivyo Jumapili ikawa na sauti, na hata aliyechukia kanisa aliitegea sikio. Mara moja hakikulia. Jua likapanda, watu wakaanza kuulizana, na mume wangu akaenda kusukuma mlango wake akamkuta kwenye kitanda cha kamba, homa imemkausha midomo, hajitambui. Tungesubiri mpaka kesho yake tungemzika.

Katika kuhama kule tulimjengea na kanisa jipya. Mwenyekiti alikuwa mtu wa siasa, mkali, lakini mwenye haki. Tulikandika msikiti kwa nguvu ya wote, na Mwinjilisti akachota maji na kukanyaga udongo toka alfajiri. Siku ya pili Mwenyekiti akasema, "Huyu jana alikanyaga udongo wa nani? Haya, kazi ya kijiji ni ya kijiji." Wanaume waliotawadha mikono kwa ajili ya sala ya adhuhuri waliirudisha kwenye udongo wa kanisa. Kanisa likasimama, zuri, limenyooka, na Jumapili akaingia ndani peke yake.

Mnaonisoma mngedhani mtu kama huyu hana upweke, maana kila mlango ulikuwa wake. Nami nilidhani hivyo. Lakini kuna upweke wa kukosa watu, na kuna upweke wa kukosa mtu wa kusema naye "Amina". Sisi tulimpa chakula, moto, na utani. Kile alichokihitaji hatukuwa nacho. Wakati mwingine baada ya baraka nilimwona amesimama kando ya mlango, anangoja kidogo, kama mchungaji anavyongoja watu watangulie kutoka ndipo naye atoke. Hakuna aliyetoka. Naye akatoka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Dereva wa lori la ushirika alileta habari kwamba Mchungaji mkubwa wa Korogwe anakuja Jumapili kulitazama kanisa letu, na asipokuta waumini atalifunga na kumwondoa Mwinjilisti. Habari ile iliwaka kijijini. Mwinjilisti mwenyewe tulimwona amepungua maneno, na sanduku lake la mbao amelitoa nje kulianika. Tukasema maskini, anajiandaa kwa aibu.

Mwenyekiti akaita mkutano. "Ndugu zangu, huyu mtu tumeishi naye. Amezika na sisi. Leo anakuja bosi wake kumdhalilisha hapa kwetu, tutazame tu?"

"Tufanye nini?" akauliza mtu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyesema. "Kanisa tulilijenga sisi. Tushindwe kulikalia?"

Mwalimu wa madrasa akakuna ndevu, akafikiri, akasema kukaa na kusikiliza si kuabudu. Basi ikapita.

Jumapili ile chuma kilipolia, tulitoka kwenye mistari yetu yote. Wanaume walivaa kanzu na kofia safi. Walifika mlangoni wakavua viatu, maana nyumba ya Mungu haiingiwi na viatu, na viatu vikawa rundo hata Mchungaji akakosa njia ya kupita. Sisi wanawake tukaketi nyuma, tumejitanda. Magogo yalijaa, wengine wakakaa chini kwenye mkeka, wengine wakasimama dirishani. Mchungaji alipoomba, tulifungua viganja vyetu kama tulivyozoea, na mwisho tukaitikia "Amin!" kwa sauti moja iliyotikisa nyasi za paa. Aliposema amani iwe kwenu, mzee mmoja akajibu kwa nguvu, "Wa alaykumu salaam!"

Na Mwinjilisti? Alisimama mbele kufungua ibada, akatutazama, kinywa wazi. Akajaribu kusema, sauti haikutoka. Akageukia ukuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Tulidhani ni furaha. Nilimkanyaga mwenzangu mguu, nikamnong'oneza, "Ona, analia kwa furaha."

Baada ya ibada wale wawili walisimama muda mrefu nyuma ya kanisa wakizungumza. Sikusikia neno. Nilimwona Mwinjilisti ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole cha mguu. Kisha Mchungaji akaja mbele, akasema kanisa halitafungwa, na Mwinjilisti hatakwenda popote. Tulipiga vigelegele. Mchungaji akafungiwa kuku wa zawadi, gari lake likaondoka, na kijiji kikashinda kinajisifu.

Jioni ile Mwinjilisti alitoa kiti chake nje kama kawaida. Lakini hakukigeuza kaskazini. Alikielekeza kwetu, kwenye mistari ya nyumba, akaketi akitazama moshi wa majiko. Na tangu siku ile hakuigeukia tena milima. Nilimwambia mume wangu, "Umeona? Sasa ametulia, amekuwa wa hapa."

Jumapili iliyofuata chuma kikalia. Sisi tulikwenda zetu mashambani. Kazi ilikuwa imekwisha, mtu wetu tumeshamwokoa. Nikarudi mchana, nikamsikia anayaambia magogo yaketi.

Miaka ikaenda. Shamba la kijiji likafa pole pole, kila mtu akarudi kwenye jembe lake. Mume wangu akafariki, na Mwinjilisti alichimba kaburi pamoja na wanaume, akasimama pembeni wakati wa dua, mikono ameifunga mbele. Mpaka mwisho wa eda yangu kila asubuhi alipita nje ya ua, akakohoa, akasema, "Nimepita," bila kuingia, kwa kuwa alijua desturi. Mwishoni macho na masikio vilimpungua, na kanisa lake likamruhusu apumzike. Alipanda gari na lile sanduku la mbao. Hakuletwa mwingine mahali pake.

Nilimwona mara moja tena. Binti yangu Zuhura ameolewa Korogwe, Kilole, na nilipokwenda kumsaidia uzazi nikasema siwezi kufika hapo nisipande Kwashemshi kumsalimu jirani yangu. Nilibeba jogoo. Njia ni ya kupinda na baridi inaingia mpaka mifupani, lakini nyumba niliipata bila shida, maana migomba na mfereji wa maji vilikuwa kama alivyovisimulia.

Mkewe ndiye aliyenipokea. Alikuwa amezeeka, amenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Wewe ni Mama Zuhura wa lamboni."

Mwinjilisti alikuwa ameketi barazani, amejifunga shuka. Ilibidi nimpigie kelele ndipo akanitambua, na aliponitambua alinishika mikono yote miwili hakuiachia. Kisha akamwona jogoo. Akamchukua, akaanza kujikongoja kuelekea njiani.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa mzee Mwislamu, ng'ambo ya mfereji," akasema mkewe. "Tangu arudi hachinji. Hapa tumezungukwa na Wakristo watupu, lakini kila kuku sharti avushwe mfereji. Wajukuu wanamcheka. Mlinirudishia mtu mwingine, Mama Zuhura."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Tukakaa jikoni, yeye anamenya magimbi, mimi namsaidia. Ndipo akaniuliza, "Ninyi ndio mliojaza kanisa?"

Nikajibu kwa fahari, kwa kuwa sikujua. "Ndiyo, mama. Walitaka kumwondoa, tukamtetea."

Kisu chake kikasimama. "Hakuna aliyetaka kumwondoa. Yeye ndiye aliyeomba. Mwaka ule niliugua mguu, nikashindwa shamba, watoto wananitegemea. Nikamlilia, akakubali. Akamwomba Mchungaji aje aone kwamba kule hakuna mtu, amrudishe nyumbani. Sanduku alikuwa ameshalipanga."

Nililiona lile sanduku mbele ya macho yangu, limeanikwa juani. Nikakiona kiti kilichogeuzwa.

Mwinjilisti aliporudi na nyama, nilimfuata barazani, nikainama sikioni mwake. "Mwinjilisti, kwa nini hukutuambia? Kwa nini hukumwambia Mchungaji kuwa sisi si watu wako?"

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia hawa si waumini, ni majirani. Akaniambia, basi chagua, kubaki au kurudi." Akajivutia shuka. "Mama Zuhura, nilipiga kile chuma miaka yote naomba watu waje. Siku hiyo wakaja wote, wamevaa nguo zao za Idi. Ningewaambia nini? Kwamba mimi ndiye ninayeondoka? Nilikuwa nimetumwa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Ulitumwa wewe," akasema. "Mimi nani alinituma?"

Sijui kama alisikia. Alitazama chini. Nami nikaelewa kwamba swali lile lilikuwa limeulizwa katika nyumba ile mara nyingi, na halijawahi kupata jibu.

Tulikula. Mama yule alinipa mapaja, sehemu ya mgeni, akaketi mbele yangu. "Niambie ukweli. Hata mmoja? Katika miaka yote ile, hakubatizwa hata mmoja?"

Ningeweza kudanganya. "Hakuna, mama. Hata mmoja."

Akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu. Mwinjilisti, ambaye hakuwa amefuata mazungumzo, akauliza kwa sauti ya juu ya watu wasiosikia, "Kile chuma bado kipo? Hawajakiuza kwa wanunuzi wa vyuma?"

"Kipo," nikamwambia mkewe, kwa kuwa yeye alikuwa karibu. "Kinalia kila Jumapili."

"Kuna mwinjilisti mwingine?"

"Hakuna. Nakipiga mimi."

Akaniangalia ushungi wangu. Muda mfupi uliopita alikuwa amenitandikia mkeka nikaswali adhuhuri kwenye baraza yake. "Wewe? Wa nini?"

"Jumapili ya kwanza alipoondoka kulikuwa kimya, mama. Nikashindwa kuchambua mboga. Nikaenda nikakipiga, nikafagia ndani, nikafunga mlango. Nikarudi nyumbani. Juma lililofuata ikawa hivyo hivyo. Sijui wa nini. Watu hawanizuii. Naona nao wanakisubiri."

Mwinjilisti aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Anasemaje?"

Mkewe akamsogelea, akamwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu nifike, akamwambia sikioni kwa nguvu, "Anasema anakupigia chuma chako! Kila Jumapili!"

Mzee akanitazama. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka, akageukia ukuta kama siku ile, na sasa nilijua kusoma mgongo wake.

Mkewe alinisindikiza mpaka gari linapopakia. Alinifungia peasi kwenye kanga, akaifunga fundo mara mbili. Gari lilipowaka akasogea dirishani.

"Ukifika," akasema, "uwe unakipiga kwa nguvu. Masikio yake siku hizi ni mazito."